Furu wa Mwalimu Mashauri

Siku Mashauri aliporudishwa nyumbani Mabwerebwere, Kilosa, kutoka hospitali ya Morogoro, kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho hakikuwa mkewe, Marciana. Wanaume wawili walimtoa kwenye gari, mmoja kamshika makwapani, mwingine magotini, na Marciana alikuwa ametangulia kuwafungulia mlango. Mashauri akampita kwa macho kama mtu anavyopita nguzo. Alikuwa analitafuta tangi la kioo lililokaa kwenye meza ndefu ukutani mwa sebule. Alipoliona, na kuona kwamba ndani yake mna vitu vinavyotembea, ile nusu ya uso wake iliyobaki na uhai ikatabasamu.

Marciana hakuona wivu. Wiki saba alizomuuguza wodini hakuwa ameuona mdomo ule ukiinuka hata mara moja.

"Kitanda kiwekeni hapa hapa sebuleni," akawaambia wale wanaume. "Kichwa huku, miguu kule. Atazame samaki wake."

Mashauri alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na moja. Mwaka wa tatu tangu astaafu, asubuhi moja akiwa anavaa viatu, mshipa ulimpasukia kichwani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa. Maneno nayo yalimtoka yote, akabakiwa na moja tu: bado. Ukimuuliza kama ana njaa, bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Alilisema kwa hasira, kwa upole, kwa machozi, utadhani anayasukuma maneno mengine yote yapite katika tundu la neno lile moja na hayapiti. Daktari alikuwa amemweleza Marciana vizuri kabisa: "Mama, lisikuchanganye. Anachokitaka anakijua, akili yake iko sawa. Ila neno linalotoka silo analolikusudia. Tazama macho, tazama mkono. Neno usilishike."

Marciana alielewa, akaitikia. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote, kwamba aliambiwa.

Samaki wenyewe walikuwa furu. Mashauri na mkewe walikuwa watu wa Magu, kando ya Ziwa Victoria, ualimu ndio uliowaleta Kilosa wakiwa vijana, na huko kwao furu ni samaki wa kuvuliwa na watoto kwa ndoano ya pini. Miaka tisa iliyopita Mashauri alikwenda Magu kumzika mama yake. Alirudi kwa treni na ndoo yenye mfuniko, na njia nzima, usiku na mchana, alikuwa akiipulizia hewa kwa mrija ili waliomo wasife. Marciana aliifungua ndoo akidhani ni kitoweo.

"Hao hawaliwi," Mashauri akasema. "Hao wa kutazama."

Walikuwa sita. Tangu hapo walizaana, na hawa kumi na mmoja waliokuwamo sasa walikuwa wajukuu na vitukuu: madume ya buluu yenye mapezi mekundu, majike ya kijivu ambayo hubeba watoto mdomoni mpaka wapate nguvu. Siku jike likitema watoto, Mashauri alikuwa akimwita mkewe kutoka jikoni kwa sauti ya mtu aliyeona ajabu. Marciana alikuwa akija huku akijifuta mikono, anainama, anaona vitu mfano wa chembe za pilipili manga, anasema "ee, wazuri," anarudi kwenye sufuria yake.

Maji ya tangi hakuruhusiwa mtu kuyagusa. Kila Jumamosi asubuhi Mashauri alikaa mbele ya kioo na kisanduku cha vichupa vya kupimia. Alichota maji kidogo kwenye vijichupa vyembamba, akadondosha matone, akatikisa, akasubiri, akalinganisha rangi iliyotokea na kikadi chake, kisha akaandika kwenye daftari. Baada ya hapo ndipo alipobadili maji, tena ndoo mbili tu katika kumi, akichanganya ya mvua na kidogo ya kisima. Ya mvua aliyakinga kwenye simtanki uani, nalo alikuwa ameliandika kwa rangi nyeupe: MVUA, USICHOTE.

Walipokuwa Morogoro, funguo zilibaki kwa Elizabeti, jirani wa ukuta mmoja. Elizabeti alifanya alichoagizwa. Aliwatupia chakula kila siku, na maji yakipungua aliyajazia. Hakuyabadili, kwa sababu hakuna aliyemwambia ayabadili. Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka huo, bomba la mtaa linatoka siku moja kwa wiki, na watu wa uani wenye watoto wa kuoga hawakusoma maandishi. Simtanki la mvua likakauka. Marciana aliporudi alikuta maji ya tangi yamekuwa rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na ukisogeza pua unapata harufu ya majani yaliyooza. Lakini furu walikuwapo wote kumi na mmoja.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa njema kuliko alivyotegemea. Asubuhi alifungua dirisha, akasema, "Mwangaluka, baba," salamu ya asubuhi ya kwao, naye Mashauri akajibu kwa neno lake, kwa sauti iliyoshuka vizuri mwishoni, kama mtu aliyeitika. Mchana kutwa alikuwa akiwafuata samaki kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alikula uji bila kulazimishwa. Kila Alhamisi alikuja mtaalamu wa mazoezi, akamnyoosha na kumkunja, na siku ya pili alipokuja aliviringisha soksi, akaiweka katika kiganja cha kulia, kile kilichokufa, akamwambia afumbe. Vidole vikafumba. Polepole, kama mlango wenye kutu, lakini vikafumba.

"Mama, huyu ana kitu kinachomvuta," mtaalamu akasema. "Usikiondoe."

Marciana alikwenda jikoni akalia mpaka akasahau maharage yakaungua. Na akiwa anasugua ile sufuria ndipo alipopata wazo la kumfurahisha mumewe.

Ijumaa asubuhi alichota maji ya kisima. Kilikuwa kisima cha pampu cha mtaa wa juu, maji yake meupe na baridi, ila ni magumu: sabuni haitoi povu, na birika likichemshiwa mwezi mmoja linaota utando mweupe ndani. Alipanga ndoo zake sebuleni. Akaanza kuteka maji ya zamani kwa jagi, akayamwaga nje, mpaka tangi likabaki nusu. Kisha akalitoa chujio la kusafishia maji ya tangi, akachomoa sponji yake. Ilikuwa nyeusi, inateleza, inatisha. Akaikamua kwenye karai la maji ya kisima, akaisugua, akabadili maji, akaikamua tena.

Kitandani Mashauri alianza kulipiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Bado! Bado!"

"Nakuja, baba. Naona bado ina uchafu." Akaisugua mpaka ikarudi rangi yake ya buluu kama ilivyotoka dukani.

Akamimina ndoo ya kwanza. Akamimina ya pili. Aligeuka kumtazama kama inatosha.

"Bado!"

"Niongeze?"

"Bado! Bado! Bado!"

Akaongeza. Ndoo ya tatu, ya nne, ya tano. Kila alipogeuka, neno lilikuwa lile lile, na kila mara lilitoka kwa nguvu zaidi, naye akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza tangu mumewe aanguke walikuwa wanafanya kazi pamoja, mmoja anaagiza, mwingine anatenda. Tangi likajaa. Maji yalikuwa yanang'aa, mpaka mtu angedhani furu wanaelea hewani. Marciana akashika kiuno, akatabasamu, akamgeukia.

Mashauri alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka sikioni. Akamfuta kwa upindo wa kanga.

"Umefurahi, eh? Si ungesema mapema nikufanyie."

Jioni ile furu wote walikuwa juu ya maji, midomo nje, mashavu yakifunguka na kufungika harakaharaka kama watu waliokimbia. Marciana akadhani wana njaa. Akawaongezea chakula. Asubuhi wawili walikuwa wamelala ubavu kwenye mchanga.

Aliwatoa kabla Mashauri hajaamka, akawafukia uani karibu na mchicha. Lakini Mashauri alipofungua macho alihesabu. Marciana alimwona akihesabu, kidole kikinyanyuka na kushuka, mara tisa. Baada ya hapo alipomwambia "Mwangaluka" hakuitika, alimkazia macho tu.

Kama maji ya zamani yaliyobaki ndani yalikuwa nusu, Marciana alijiambia, basi kosa ni ile nusu chafu. Akateka ndoo mbili za zamani, akatia mbili za kisima. Kesho yake tena mbili. Kila akishika ndoo, Mashauri alilia lile neno lake, naye Marciana akamwambia, "Naongeza, baba, naongeza." Jumatatu alikufa mwingine, dume la buluu. Jumanne asubuhi wakafa wawili. Wakabaki sita, na waliobaki mashavu yao yalikuwa mekundu kama yaliyochubuliwa.

Mchana wa Jumanne Mashauri alianza kunyoosha mkono kuelekea rafu. Juu ya rafu kulikuwa na redio, kitabu cha nyimbo za kanisani na kile kisanduku cha vichupa. Marciana akampa redio. Akaisukuma ikaanguka chini, betri zikatawanyika. Akampa kitabu cha nyimbo, akakaa pembeni yake akamwimbia, na katikati ya wimbo akaona mumewe amekaza taya mpaka mshipa wa shingo umesimama. Akaweka kitabu chini. Akakigusa kisanduku.

Mwili mzima wa Mashauri ukashtuka.

Akamletea. Mashauri akakifungua kwa mkono mmoja, akashika kichupa, akajaribu kufungua kizibo kwa meno. Dawa ikamwagikia shuka. Akashika kijichupa cha kioo, kikamponyoka, kikavunjikia sakafuni. Marciana akaogopa.

"Baba, hizi dawa mimi sizijui. Nitawatilia sumu." Akazikusanya zote, akazirudisha rafuni, na aliporudi na ufagio alikuta Mashauri amejifunika uso kwa kiganja.

Lakini angalau sasa alikuwa ameelewa kwamba kuna kitu cha kupimwa. Akafungua daftari. Kurasa zilikuwa zimejaa herufi na namba alizozizoea kwa sura tu. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na maandishi marefu, yamepigiwa mstari mwekundu chini, lakini Mashauri alikuwa ameyaandika kwa Kiingereza kama alivyozoea kuandika ubaoni, na Marciana aliishia darasa la saba. Alitumbua macho kwenye ule mstari mwekundu kwa muda mrefu.

Ndipo akamkumbuka Vitalis. Alikuwa mwanafunzi wa Mashauri zamani, sasa anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, na Mashauri ndiye aliyekwenda kumsaidia kulipanga tangi la samaki la pale. Akampigia.

"Mama, kwa simu siwezi kujua," Vitalis akasema. "Niko zamu peke yangu mpaka Jumapili, ningekuja. Chota maji yao kwenye chupa, uje nayo. Na daftari la Mwalimu usiliache."

Jumatano alfajiri alimlisha Mashauri, akambadilisha, akamwita Elizabeti aje kukaa naye.

"Akianza kulia bado, bado," akamwelekeza, "anataka samaki waongezewe maji. Waongezee ndoo moja, atatulia."

"Nenda tu, dada," Elizabeti akasema. "Mwalimu ni wangu pia."

Gari lilifika Mikumi jua likiwa limeshapanda. Nyumba ya wageni ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, na malori ya Zambia yalikuwa yakipita yakitikisa madirisha. Vitalis alitoka nyuma ya meza yake mara alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu anaendeleaje?"

"Tazama kwanza haya maji," Marciana akasema, akampa chupa.

Vitalis alikuwa na kisanduku kama kile cha Mashauri. Akachota, akadondosha, akatikisa, akaweka vijichupa viwili dirishani. Wakasubiri. Cha kwanza kilianza kuwa njano, kikaendelea, kikawa kijani, kikawa kijani cha jani la mgomba. Cha pili kikawa zambarau. Vitalis akaweka kikadi cha rangi kando ya vile vijichupa, akalinganisha mara mbili.

"Nani amebadili maji, mama?"

"Mimi."

"Ya wapi?"

"Ya kisima. Na chujio nimeliosha. Nimelisugua likatakata."

Vitalis akaomba daftari. Akafungua ule ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole chini ya mstari mwekundu, akaanza kumsomea kwa Kiswahili, akisimama hapa na pale kutafuta neno.

"Ameandika hivi. Maji yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa huchachuka. Amonia, yaani ile sumu ya vinyesi vyao, hujaa humo, lakini katika maji yaliyochachuka inakuwa haina makali, samaki huvumilia. Sasa… 'Hapo ndipo hatari ilipo. Ukitia maji ya kisima mengi kwa pamoja, uchachu unaondoka, na amonia ile ile inapata makali ndani ya dakika chache. Pima kwanza. Tumia maji ya mvua, ndoo moja kwa siku, usiwe na haraka. Sponji usiioshe kwa maji mapya. Wadudu wanaokula hiyo sumu wanaishi humo.'"

Akafunga daftari taratibu.

Marciana alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Alikuwa ananiambia," akasema.

"Nani, mama?"

"Mwalimu. Alikuwa ananiambia acha. Tangu ndoo ya kwanza. Mimi nikawa namwongezea."

Vitalis akamvutia kiti, naye hakukaa, kwa sababu jambo jingine lilikuwa limemjia kichwani. Akatoa simu, akampigia Elizabeti. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Mara ya tatu Vitalis ndiye aliyebonyeza.

"Labda katoka nje kidogo," Vitalis akasema. "Wahi gari, mama. Bado wako sita. Sita wanaweza kupona."

Akamjazia dumu la maji ya mvua kutoka kwenye tangi la uani. Akakata nusu ya sponji ya chujio lake mwenyewe, nyeusi na yenye utelezi vilevile, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye maji. "Hii usiikamue. Iweke kama ilivyo. Ya mvua tia kikombe kimoja kimoja, kutwa nzima, wasishtuke. Chakula usiwape kabisa. Na lolote litakalokuwa, ya kisima yasiingie tena."

Marciana alipanda gari la kurudi akiwa na mfuko ule mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Walipofika kijiji cha Ulaya, njiani, gari likasimama kupakia magunia. Hapo simu ikaita.

"Dada, nimeona simu zako," Elizabeti akasema, sauti yake nyepesi. "Nilikuwa uani, samahani. Huku salama. Mwalimu alilia sana, bado, bado, mpaka nikamwonea huruma. Nikaona ndoo moja haitamtosha, nikatia mbili. Tena sikutia ya kisima hivi hivi. Nimewatilia yale ya kunywa kabisa, niliyoyatia dawa jana, si unajua wametangaza kipindupindu."

Dawa ya maji Marciana aliijua. Kila nyumba ilikuwa nayo, vidonge vile vyenye harufu ya klorini. Hakuhitaji Vitalis kumwambia inachofanya kwa kitu kinachovuta pumzi majini.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Asante."

Nje wapakiaji walikuwa wanatupa magunia juu ya paa wakicheka, na kila gunia lilipotua, gari lilitikisika, na maji katika mfuko yakacheza.

Alipoingia nyumbani, Elizabeti alikuwa amesimama katikati ya sebule na karai mkononi, uso wake umebadilika kabisa. Wanne walikuwa juu, matumbo yameangalia dari. Wawili walikuwa hai, dume moja na jike moja, wamejibanza pembeni karibu na bomba la hewa.

"Sijui nimefanya nini," Elizabeti akasema. "Walikuwa wazima, dada. Nimewatilia maji masafi."

"Najua."

"Kama ni kosa langu niambie."

"Si kosa lako. Nenda kapumzike, mdogo wangu."

Mashauri alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kasi.

Marciana alifanya kila alichoambiwa. Aliweka ile sponji nyeusi katika chujio bila kuikamua. Alitia maji ya mvua kikombe kimoja, akasubiri, akatia kingine, akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo kama alivyokuwa akikaa mumewe. Alhamisi mtaalamu wa mazoezi alipokuja, alimpisha njia bila kuinuka. Ijumaa asubuhi dume lilikuwa limekufa. Jike lilibaki siku nzima likipepea polepole, taya lake limevimba, naye akadhani ni ugonjwa. Jumamosi alipofungua dirisha alilikuta limelala kwenye mchanga, mdomo wazi, na kuzunguka mdomo ule, watoto. Walikuwa wadogo, wenye vifuko vya njano tumboni, hawajakomaa. Jike lilikuwa limewatema kabla halijafa. Marciana aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Aliwahesabu wote. Walikuwa kumi na tisa, na hakuna aliyetikisika.

Hakuwaficha safari hii. Alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba."

Mashauri akafungua macho.

"Wameisha. Ulikuwa unaniambia acha, mimi nikashika neno. Daktari alinikataza nisilishike, nikalishika, kwa sababu nilitaka kukusikia ukisema kitu." Akamsogelea. "Nimewaua mimi. Hata huyo Elizabeti ni mimi niliyemtuma. Nikasirikie. Nitukane kwa hilo hilo moja ulilonalo."

Mashauri alimtazama kwa muda. Hapakuwa na hasira katika macho yale. Marciana angeona hasira angeishika kama kamba. Palikuwa na uchovu tu, uchovu wa mtu aliyepiga kelele mpaka mwisho wa sauti yake na waliokuwa wakimsikiliza wakaitikia jambo jingine. Akageuza kichwa upande wa ukuta.

Vitalis alipiga simu Jumapili. Alisema ana samaki wengine, si furu, lakini ni wazuri, wa rangi ya chungwa, angewaleta mwenyewe na kuyaandaa maji mwenyewe. Marciana aliiweka simu karibu na sikio la mumewe ili amsikie mwanafunzi wake akisema hivyo. Mashauri alivuta shuka akajifunika uso. "Asante, mwanangu," Marciana akasema. "Hapana."

Alhamisi iliyofuata mtaalamu aliviringisha soksi akaiweka kiganjani, akasema afumbe. Soksi ikateleza ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena. Alipotoka alimwuliza Marciana mlangoni kama kuna kilichotokea nyumbani, naye Marciana akamweleza yote, na kijana yule akasikiliza huku akikunja na kukunjua mkanda wa begi lake. "Nitapita wiki ijayo," akasema mwishowe, ila hakusema kwamba kutakuwa na mabadiliko. Siku hizo Mashauri hakuwa anatamka kitu chochote tena. Uji alikubali vijiko vitatu, akafunga mdomo.

Tangi tupu lilikuwa baya kulitazama kuliko lile lenye samaki wafu. Marciana akawaita wanaume wawili, wakalibeba na meza yake mpaka stoo. Ukutani pakabaki alama ya mraba, rangi yake nzuri kuliko ukuta mwingine wote, na sakafuni miguu minne ya meza ilikuwa imeacha vishimo. Akafagia. Akapiga deki. Akasimama pale na tambara mkononi, akajiweka mahali pa mtu aliyelala kitandani, akaona kwamba kutoka kule hakuna kitu cha kutazama isipokuwa ukuta.

Akavuta kiti kutoka meza ya chakula, akakiweka pale palipokuwa na tangi, akakaa, uso wake umeelekea kitanda.

"Niko hapa," akasema.

Mashauri alikuwa amegeuza kichwa kusikia kiti kinavyokwaruza. Alimwona. Marciana akajaribu kutulia, mikono mapajani, akavumilia kutazamwa. Kisha mumewe akafumba macho, polepole, na ingawa hakuwa amelala, hakuyafungua hata alipoitwa kwa chakula cha jioni.